Virusi Vimeshika Mapafu, Mbona Moyo Ndio Unaorukaruka?

MASWALI YA WASOMAJI

Toleo lililopita lilieleza jinsi mafua makali na UVIKO-19 vinavyogeuka kuwa nimonia. Barua zilizofuata, karibu zote, zimeuliza habari za moyo. Zinazofanana tumeziunganisha, tukabaki na sita.

Baba yetu ana miaka 68 na ana presha. Alilazwa kwa nimonia ya virusi. Siku ya tatu mashine ikaanza kulia, mapigo 150, tukaambiwa moyo umepoteza mpangilio. Hajawahi kuugua moyo maishani. Je, virusi vimeingia moyoni? Na mbona walihangaika na oksijeni na potasiamu kwanza, dawa ya moyo ikaja baadaye? (Binti mkubwa, Mombasa)

Dada, pole kwa kuuguza. Walianza panapostahili, na tutakueleza kwa nini.

Kwa jinsi ulivyoeleza, alichopata baba ni atria fibrilesheni. Vyumba viwili vya juu vya moyo huacha kukaza kwa pamoja vikabaki vinatetemeka, cheche za umeme 350 hadi 600 kwa dakika zikigombania kushuka vyumba vya chini. Kituo kilicho katikati hupitisha baadhi tu, tena bila utaratibu. Ndiyo maana ukimshika mkono mapigo hayashikiki hesabu: mawili ya haraka, moja limechelewa, matatu, kimya, moja.

Virusi kuingia kwenye msuli wa moyo kunatokea, na dalili zake ni maumivu ya kifua, kipimo cha troponini (protini inayovuja msuli wa moyo ukiumia) kupanda, na moyo kuonekana dhaifu kwenye ultrasaundi. Lakini kwa mzee mwenye nimonia hilo si la kwanza kulishuku. Mara nyingi moyo unasukumwa na mambo yaliyo nje yake. Oksijeni imeshuka. Homa imepanda, na kila nyuzi moja ya Selsiasi huongeza takribani mapigo 10 kwa dakika. Mapafu yaliyojaa huufanya upande wa kulia wa moyo usukume kwa nguvu, vyumba vikavutika. Mwili unamwaga adrenalini. Kisha yanakuja ya hospitalini: nebulaiza ya salbutamoli, ya kufungua kifua, huharakisha moyo na kuteremsha potasiamu, furosemaidi, dawa ya kukojoza maji, huitoa potasiamu pamoja na magnesiamu kwenye mkojo, deksamethasoni nayo inachangia. Mgonjwa ambaye ameharisha siku mbili na hali chakula hana akiba ya kuhimili yote hayo.

Takwimu za mwanzo wa janga la UVIKO-19 zinaonyesha hivyohivyo. Katika hospitali moja ya Wuhan, Januari 2020, wagonjwa 138 waliolazwa walifuatiliwa: matatizo ya mdundo wa moyo yalimpata mmoja kati ya sita, lakini kwa waliokuwa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, ilikuwa asilimia 44, na kwa waliokuwa wodi za kawaida asilimia 7. Philadelphia, Marekani, walifuatiliwa wagonjwa 700. Moyo ulisimama kwa 9, na wote 9 walikuwa ICU. Kirusi ni kilekile wodini na ICU. Kinachotofautiana ni uzito wa ugonjwa mwilini.

Kwa hiyo oksijeni kwanza, hadi kipimo kikae kati ya 92 na 96 (kwa mwenye mapafu yaliyoharibika zamani kwa moshi au sigara, 88 hadi 92 yatosha). Kisha potasiamu. Kiwango cha kawaida cha damu ni milimoli 3.5 hadi 5.0 kwa lita, ila moyo ukiwa unaruka madaktari hupendelea isiwe chini ya 4.0. Magnesiamu inapimwa au inatolewa sambamba, maana ikiwa chini figo huendelea kuvujisha potasiamu na dripu zako zote zinaishia kwenye mkojo. Kosa hili ni la kawaida mno: siku tatu potasiamu inatolewa, haipandi, na hakuna aliyeikumbuka magnesiamu.

Msishangae dripu hiyo ikienda polepole. Kwenye mshipa wa mkono haizidi milimoli 10 kwa saa, na hata hapo mgonjwa hulalamika mkono unawaka. Milimoli 20 kwa saa ni kwa mshipa mkubwa wa shingoni, mashine ya moyo ikiwa imewashwa. Kuisukuma moja kwa moja kwa sindano ni kusimamisha moyo.

Homa inashushwa kwa parasetamoli gramu 1 kila saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku, na chini ya hapo kwa mwenye ini bovu au aliyekonda sana. Hapo ndipo dawa za kupunguza kasi zinapoingia, lengo likiwa chini ya mapigo 110 kwa dakika akiwa amepumzika. Metoprololi hufaa presha ikiruhusu na kama hana pumu. Digoksini haishushi presha, lakini kwa mgonjwa mwenye homa kali inachelewa kufanya kazi, maana adrenalini inashindana nayo. Presha ikiporomoka, hakuna kungoja: ni mshtuko wa umeme uliolinganishwa na pigo, jouli 120 hadi 200. Ila moyo uliorudishwa kwa umeme huku oksijeni ingali 84 hurudia mtetemo ndani ya saa chache, na familia inabaki kuamini mashine imeshindwa.

Bado kuna damu kuganda. Chumba kinachotetemeka hutuamisha damu, bonge likaruka kwenda ubongoni na kuleta kiharusi. Madaktari huhesabu hatari hiyo kwa alama: umri wa miaka 65 hadi 74 ni alama moja, presha ni alama nyingine. Baba ana mbili tayari, na kwa mwanaume kuanzia alama mbili dawa ya kuzuia damu kuganda huwa inapendekezwa. Kabla hajaruhusiwa ulizeni mambo mawili: ataitumia kwa muda gani, na ECG (mchoro wa umeme wa moyo) itarudiwa lini. Wiki 4 hadi 6 baadaye ni muda mzuri. Mtetemo uliokuja na nimonia una tabia ya kurudi hata kifua kikishapona, kwa hiyo msiruhusu faili lifungwe kwa maneno "ilikuwa homa tu".

Ni muuguzi hospitali ya wilaya, mkoa wa Kigoma. Wagonjwa wa kifua wengi wanafika wamekwisha kumeza antibiotiki ya azithromaisini, mseto wa malaria na dawa ya kutapika kutoka duka la dawa. Nasikia mchanganyiko huu unaharibu moyo. Tuna mashine moja ya ECG, kuisoma ndiyo shida. Tuangalie nini?

Sista, angalia kipande kimoja tu cha mchoro, kinaitwa QT. Ni muda kuanzia vyumba vya chini vinapoanza kupata umeme hadi vinapomaliza kujichaji upya. Dawa nyingi huurefusha. Ukirefuka mno, pigo jipya linaweza kuangukia kwenye msuli ambao haujawa tayari, na hapo unazuka mdundo wa kasi unaojisokota uitwao tosadi. Mgonjwa anazimia, pengine anaamka mwenyewe, pengine haamki.

Hakikisha karatasi inakwenda milimita 25 kwa sekunde. Kijisanduku kimoja kidogo ni milisekunde 40, kikubwa ni 200. Chukua mstari wa II au V5, hesabu vijisanduku kutoka mwanzo wa Q hadi pale kilima cha T kinapogusa tena mstari wa chini. Halafu hesabu kutoka ncha ya R hadi ncha ya R inayofuata.

Tuseme umepata QT vijisanduku 10, yaani milisekunde 400, na R hadi R vijisanduku 15, yaani sekunde 0.6, mapigo 100 kwa dakika. QT lazima irekebishwe kwa kasi ya moyo. Kwa njia ya Bazett unagawa 400 kwa kipeuo cha pili cha 0.6, ambacho ni 0.775, unapata 516. Kwa njia ya Fridericia unagawa kwa kipeuo cha tatu, 0.843, unapata 474. Tazama tofauti! Mashine nyingi huchapisha ya Bazett, na kwa mtu mwenye homa na mapigo ya kasi hiyo hutisha kupita kiasi. Kwa wagonjwa wako tumia Fridericia. Simu yoyote yenye kikokotoo inatosha.

Kawaida mwanaume hazidi 450, mwanamke 460. Ikifika 500, au ikiongezeka kwa 60 kutoka ECG ya kwanza, simamisha dawa zinazorefusha na umwite daktari. Zipo nyingi: azithromaisini, erithromaisini, klarithromaisini, levofloksasini, moksifloksasini, flukonazoli, ondansetroni, domperidoni, haloperidoli, kwinini, klorokwini, amiodaroni.

Mseto wa artemeta na lumefantrini hurefusha kidogo tu, na hapa tusikosee: kama kipimo cha malaria ni chanya, mseto unabaki. Malaria huua haraka kuliko QT ya 470. Kinachoondoka ni vile vingine. Azithromaisini haiui virusi. Ikiwa kuna sababu ya kushuku bakteria, amoksilini inafanya kazi bila kugusa QT. Kutapika anza na ORS kijiko baada ya kijiko. Na kama kipimo cha malaria ni hasi, mseto nao usimamishwe, kwani hauna kazi tena.

Anayepata tosadi kwa kawaida ana sababu zaidi ya moja: mwanamke, umri mkubwa, moyo uliokuwa dhaifu tangu awali, mapigo ya polepole, potasiamu ya 2.9, juu yake dawa mbili au tatu. Kijana mwenye afya aliyemeza azithromaisini peke yake hatari yake ni ndogo sana. Pima potasiamu kabla ya kumtia mtu hofu.

Wengi wanakumbuka haidroksiklorokwini, dawa iliyojaribiwa kwa UVIKO-19. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliiruhusu kwa dharura tarehe 28 Machi 2020 na ikafuta ruhusa hiyo tarehe 15 Juni mwaka huohuo. Utafiti mkubwa wa Uingereza uitwao RECOVERY nao ulionyesha haipunguzi vifo vya waliolazwa. Watu walirefusha QT bila faida yoyote. Zipo nyumba ambazo vidonge vile bado viko kabatini.

Tosadi ikitokea, dawa yake unayo: magnesiamu salfeti, ileile ya kifafa cha mimba. Mpe gramu 2 mshipani kwa dakika 10. Kichupa cha asilimia 50 kina gramu 1 katika kila mililita 2, kwa hiyo unavuta mililita 4, unazimua kwanza, kisha unatoa taratibu. Soma lebo, vichupa havifanani. Inatolewa hata kama magnesiamu ya damu ni ya kawaida. Usikubali amiodaroni hapo, inarefusha QT zaidi. Kama mapigo ya shingoni hayapo, ni kubonyeza kifua na mshtuko wa umeme usiolinganishwa. Weka vichupa viwili vya magnesiamu kwenye toroli ya dharura ya wodi ya kifua; saa nane za usiku hakuna wa kukimbilia wodi ya wazazi.

Shikamooni. Nina miaka 27, valvu yangu ya moyo imekuwa nyembamba tangu nilipougua homa ya baridi yabisi utotoni. Natumia warfarini ya kuzuia damu kuganda, bisoprololi ya kupunguza kasi ya moyo, na furosemaidi. Kila nikishikwa na mafua makali pumzi inakata na moyo unaenda mbio. Jirani ananiambia niache dawa za moyo mpaka mafua yaishe. (Bukoba)

Marahaba, mwanetu. Usiache. Tena bisoprololi ndiyo inayokulinda wakati huo.

Damu hupita kwenye valvu hiyo moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo. Mapigo yakiwa 70 muda wa kupita ni mrefu, valvu nyembamba inavumilika. Homa ikiyafikisha 130, muda unakatika, damu inarudi nyuma mapafuni, na majimaji yanaanza kuvuja huko. Kwa hiyo kwako kasi yenyewe ndiyo hatari, mapigo yawe na mpangilio au yasiwe nao. Siku ya kwanza ya homa anza parasetamoli. Ukiwa umelala huwezi kupumua bila kuinua kichwa, unakohoa mapovu, au mapigo yanazidi 110 ukiwa umetulia, nenda hospitali siku hiyohiyo, usingoje asubuhi.

Epuka dawa za mafua zenye sudoefedrini au fenilefrini, zinaharakisha moyo. Soma nyuma ya pakiti, maana zimechanganywa kwenye vidonge vingi vya "mafua na kikohozi". Diklofenaki na ibuprofeni ni marufuku ukiwa kwenye warfarini. Parasetamoli yenyewe ikitumika siku nyingi kwa dozi kubwa hupandisha INR (kipimo cha muda damu inaochukua kuganda), basi jitahidi isizidi gramu 2 kwa siku ukiihitaji zaidi ya siku mbili tatu. Ukipewa antibiotiki, INR ipimwe ndani ya siku 3 hadi 5. Kutokula nako kunaipandisha.

Kuna anayeweza kukushauri uhamie vidonge vipya visivyohitaji INR. Kwa valvu iliyobanwa na baridi yabisi, kataa. Utafiti wa INVICTUS uliochapishwa mwaka 2022, wenye wagonjwa zaidi ya 4,500, uliwalinganisha waliotumia dawa za kundi la warfarini na waliotumia rivaroksabani, mojawapo ya vidonge hivyo vipya; wa warfarini walipata viharusi na vifo vichache zaidi. Kama unachomwa sindano ya penisilini kila wiki 4 kuzuia baridi yabisi isirudi, iendelee hata ukiwa na mafua. Na kama unafikiria ujauzito, onana na daktari wa moyo kabla, kwa sababu warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Assalaam aleikum. Nafanya kazi Muscat, nina miaka 31. Miezi miwili tangu nipone korona, nikisimama tu moyo unakwenda 130, kizunguzungu, miguu inatetemeka. ECG safi, ultrasaundi ya moyo safi. Nimeambiwa ni wasiwasi.

Waaleikum salaam, ndugu yetu. Wasiwasi haupimwi kwa saa, lakini hili lako linapimika. Asubuhi kabla ya chai lala chali dakika 10, hesabu mapigo na pima presha. Simama wima bila kutembea, umeegemea ukuta, na mtu awe karibu. Rudia vipimo kila dakika 2 hadi dakika ya 10. Mapigo yakipanda kwa 30 au zaidi na kubaki huko (kwa wa miaka 12 hadi 19 ni 40), huku presha haishuki sana, mpelekee daktari karatasi hiyo na umwambie unashuku POTS, yaani moyo kukimbia kupita kiasi mtu akisimama. Mishipa ya fahamu inayobana mishipa ya damu miguuni imelegea, damu inakaa chini, moyo unafidia kwa kukimbia. Kwanza lakini zipimwe damu na tezi ya shingo, maana upungufu wa damu na tezi iliyochangamka vinaiga hali hii vizuri sana.

Maji lita 2 hadi 3 kwa siku, zaidi kwa joto la Oman ukifanya kazi nje. Chumvi iongezwe hadi jumla ya gramu 8 hadi 10 kwa siku, mradi huna presha, ugonjwa wa figo wala moyo dhaifu. Soksi za kubana zifike kiunoni. Zinazoishia kwenye goti hazisaidii sana. Mazoezi anza ukiwa umelala au umekaa, kama baiskeli ya kulalia, na uongeze taratibu kwa miezi. Wengi hukosea hapa: wanajilazimisha kukimbia wiki ya kwanza, wanaanguka, wanaacha kabisa. Ukianza kuzimia, au moyo ukikimbia ghafla hata umekaa, huenda si POTS peke yake. Tafuta ECG wakati moyo unakimbia.

Kifaa cha kidoleni kinaniambia mapigo 82, muuguzi akihesabu anasema 124. Nani mwongo? (Zanzibar)

Kifaa. Kinahesabu mawimbi ya damu yanayofika kidoleni, na moyo ukiwa hauna mpangilio mapigo mengine ni madogo hayafiki. Muuguzi aweke stethoskopu kifuani, ahesabu dakika nzima, si sekunde 15 mara nne. Namba ya oksijeni nayo iangalie kwa tahadhari: utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kati ya wagonjwa ambao kifaa kilisoma 92 hadi 96, asilimia 11.7 ya weusi walikuwa kwa kweli chini ya 88 damu ilipopimwa, dhidi ya asilimia 3.6 ya weupe. Kama unahema kwa shida na kifaa kinasema 94, amini kifua chako. Kucha za rangi na hina nyeusi navyo huzuia mwanga. Tumia kidole kisichopakwa kitu.

Mchezaji wangu alilazwa siku tano kwa virusi vya kifua. Anataka kurudi uwanjani wiki ijayo. (Kocha, Mwanza)

Kocha, asirudi mpaka apimwe ECG, troponini na, ikipatikana, ultrasaundi ya moyo. Ikithibitika msuli wa moyo ulivimba, ni miezi 3 hadi 6 bila mechi wala mazoezi makali, kisha apimwe tena. Mazoezi makali juu ya msuli uliovimba ndiyo yanayozusha midundo ya kuua. Vikiwa safi, aanze kwa kutembea, kisha kukimbia polepole, kisha mpira, kila hatua siku kadhaa. Maumivu ya kifua, kuzimia au moyo kurukaruka katika hatua yoyote kunamrudisha kwa daktari.

Na kwa kuwa wewe ni kocha: mchezaji yeyote akianguka bila kuguswa na mtu, haitiki, na hapumui kawaida, chukulia moyo umesimama. Mwanzoni anaweza kutetemeka kama mwenye degedege au kukoroma mara mojamoja. Huko si kupumua. Msimmwagie maji, msimwinue kumkalisha. Mmoja apige simu na kuulizia mashine ya mshtuko, mwingine aweke viganja viwili katikati ya kifua na kubonyeza kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, akiacha kifua kipande chote kila mara. Kama mnahofia maambukizi, mfunikeni mdomo kwa kitambaa na mbonyeze tu bila kumpulizia. Badilishaneni kila dakika 2, kwa sababu aliyechoka hajijui na kina chake kinapungua.